Mausi au dirisha jeusi? Kujaza nyimbo kwenye flashi, memori kadi na simu za wateja

Leo naongea na wenzangu wenye meza ya kompyuta. Unauza flashi, memori kadi, redio za bajaji, sabufa, na pembeni unamjazia mteja nyimbo. Vijana wanaoanza hii kazi huwa wananiuliza swali moja: kuna haja gani ya kujifunza zile amri za dirisha jeusi wakati mausi ipo? Unakamata folda, unaburuta, unaachia, unapokea hela.

Jibu langu ni kwamba inategemea kilichochomekwa hapo ni cha nani. Flashi mpya uliyoitoa kwenye boksi lako mwenyewe, haina kitu ndani, itumie amri. Simu au kadi ya mteja yenye vitu vyake, itumie mausi, tena polepole. Nitaeleza kwa nini, na nitaweka amri zenyewe ili mtu asome leo na kesho afungue duka azitumie.

Kwanza tuelewane kuhusu spidi, maana hapo wengi wanadanganyana. Utasikia fundi anakwambia dirisha jeusi linakopi haraka kuliko mausi. Tofauti ni ndogo sana, anayeamua ni flashi. Hizi flashi za bei ya chini tunazouza, nyingi zinaandika megabaiti 4 mpaka 8 kwa sekunde. Kama flashi inaandika megabaiti 5 kwa sekunde, kuijaza GB 8 ni karibu dakika 27, uwe umeburuta au umeandika amri. Faida ya amri ipo sehemu nyingine kabisa: inafanya kitu kilekile kila mara, kwa mpangilio uleule, hata wewe ukiwa unamhudumia mteja mwingine au umeenda kuswali.

Tuanze na huo mpangilio.

Redio nyingi za bajaji na sabufa za kawaida hazipangi nyimbo kwa alfabeti. Zinasoma orodha ya ndani ya flashi jinsi ilivyoandikwa, yaani wimbo uliotangulia kuingia ndio unaotangulia kulia. Sasa ukitumia mausi, ukachagua nyimbo 40, halafu ukaukamata wa 17 ndio ukaburuta nao, Windows inaweza kuanza kukopi na huo wa 17. Kwenye kompyuta utaona kila kitu kimepangwa vizuri, kwa sababu kompyuta inakupangia machoni. Kwenye redio ni vurugu.

Kwa dereva wa bajaji si kesi kubwa, yeye anataka singeli tu, zianze popote. Lakini akija MC wa harusi hapo ndipo utajua thamani ya mpangilio. Wimbo wa kwanza ni wa maharusi kuingia, wa pili wa wazazi, wa tatu wa keki, halafu zawadi. Amekuamini, hajasikiliza mpaka amefika ukumbini. Maharusi wako mlangoni, watu wamesimama, sabufa inapiga wimbo wa keki. Huyo MC harudi tena kwako, na ma-MC wanajuana wote mji huu.

Kwa hiyo fanya hivi. Fomati flashi kwanza, usifute nyimbo tu. Ukifuta tu, nyimbo mpya zinaweza kwenda kukaa kwenye nafasi za zile za zamani na mpangilio ukaharibika tena. Kisha namba za nyimbo ziandike kwa tarakimu tatu: 001, 002, 003. Ukiandika 1, 2, 3 mpaka 10, Windows kwenye dirisha la kawaida itakuonyesha 1, 2, 10 vizuri kabisa, lakini kwenye amri, na kwenye redio zinazopanga kwa majina, inakuja 1, 10, 2. Hapo wengi wanalaumu flashi na kosa lipo kwenye namba. Baada ya hapo kopi kwa amri, maana amri inachukua faili moja baada ya nyingine kwa jina, haichagui uliyoikamata na mausi.

Amri yenyewe inaitwa robocopy. Huhitaji kuitafuta mtandaoni wala kulipia, imo ndani ya Windows tangu ile ya Vista, kwa hiyo hata laptopu yako ya mtumba yenye Windows 7 unayo tayari. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, piga Enter, dirisha jeusi linafunguka. Tuseme nyimbo ziko kwenye folda ya C:\MZIGO\HARUSI na flashi ni herufi F. Unaandika:

robocopy C:\MZIGO\HARUSI F:\ *.mp3 /S /R:2 /W:2

Maana yake: chukua faili zote za mp3 kwenye folda hiyo na folda zilizomo ndani yake, peleka kwenye flashi, ukikwama kwenye faili, jaribu tena mara 2, na kila jaribio subiri sekunde 2. Hizo R na W usiziache kabisa. Robocopy usipoiambia chochote, ikikwama kwenye faili moja itarudia mara 1,000,000, na kila mara inasubiri sekunde 30. Piga hesabu mwenyewe, ni karibu mwaka mzima mteja amekaa kwenye benchi lako.

Ikimaliza inatoa jedwali. Angalia safu iliyoandikwa FAILED. Zikiwa sifuri tupu, umemaliza. Ikiwa na namba yoyote, usimpe mteja hiyo flashi. Kuna maelekezo mengine mtandaoni yanakwambia uongeze /MT ili iende kwa haraka. Kwa nyimbo zinazotaka mpangilio usiweke, kwa sababu hiyo inakopi faili nyingi kwa mpigo na mpangilio unavurugika upya.

Jambo la pili ni umeme. Sote tunajua LUKU inavyoisha bila taarifa, na siku nyingine inakatika tu. Ukiwa unaburuta na mausi umeme ukakata kwenye wimbo wa 300, ukiwasha unarudia, Windows inakuuliza kuhusu faili zilizopo: zibadilishwe au zirukwe? Kijana wako akichagua zirukwe ili kuwahi, ule wimbo uliokuwa unaingia wakati umeme unakata unabaki nusu. Mteja atausikia unakatika katikati akiwa Chalinze. Robocopy ukiirudia amri ileile inalinganisha ukubwa na muda wa kila faili, zilizo sawa inaziacha, ile ambayo haikumalizika inaikopi upya. Ila ongeza neno /FFT mwishoni mwa amri. Flashi za FAT32 zinaandika muda kwa hatua za sekunde mbili mbili wakati kompyuta inaandika kwa usahihi zaidi, kwa hiyo bila neno hilo inaweza kudhani faili zote ni tofauti ikaanza moja.

Sasa twende kwenye kazi kubwa, zile zinazolipa kodi ya fremu.

Chukua mfano wa kwaya. Wana uzinduzi Jumapili, wanataka flashi 200, kila moja ina nyimbo na video, jumla kama GB 1. Kwa megabaiti 5 kwa sekunde, flashi moja ni sekunde 200, dakika tatu na kitu. Ukifanya moja moja, flashi 200 ni saa 11 za kukopi tu, bado hujachomeka na kuchomoa. Ukiwa na USB habu nzuri yenye umeme wake na ukachomeka tano kwa mara moja, inashuka mpaka saa mbili na kidogo, ongeza muda wa mikono. Zaidi ya tano au sita kwenye tundu moja la USB 2 sioni faida, zinaanza kugawana njia na kila moja inapungua mwendo.

Kwa mausi, flashi tano kwa awamu ni kuburuta mara tano, na awamu ziko 40. Mara 200 unaburuta folda ileile. Mkono utachoka, na jicho likichoka utaachia folda ndani ya folda, au utaruka flashi moja. Mwenyekiti wa kwaya atauza flashi tupu mbele ya mgeni rasmi. Kwa amri unafungua Notepad, unaandika mstari huu, unaihifadhi kwa jina kwaya.bat:

for %%D in (F G H I J) do start robocopy C:\MZIGO\KWAYA %%D:\ /S /R:2 /W:2 /FFT /LOG:C:\MZIGO\%%D.txt

Hizo F mpaka J ni herufi za flashi zako tano, angalia kwenye kompyuta yako ni zipi. Alama ya asilimia lazima ziwe mbili ndani ya faili la bat, ikiwa moja haifanyi kazi. Ukiibonyeza mara mbili, yanafunguka madirisha matano, kila moja na flashi yake, yakimaliza yanajifunga. Ile LOG inaandika ripoti ya kila flashi kwenye C:\MZIGO, unafungua F.txt, G.txt na wenzake unaangalia FAILED kabla ya kuchomoa. Hii hatua usiiruke hata kama kwaya yote imesimama mlangoni.

Hapo utaona jambo ambalo watu wanaogombana kuhusu mausi na amri hawalisemi. Faili la bat ni vyote viwili. Amri umeandika wewe mara moja, umetulia, usiku. Mchana kijana wako anabonyeza alama kwenye kompyuta kama anavyobonyeza kitu kingine chochote, hahitaji kujua robocopy ni nini. Mimi naona huu ndio utaratibu unaofaa kwenye duka lenye msaidizi. Kwa kazi ya flashi moja moja, tengeneza hili:

@echo off
set /p D=Andika herufi ya flashi:
if /i "%D%"=="C" exit
vol %D%:
dir %D%:
pause
robocopy C:\MZIGO\HARUSI %D%:\ *.mp3 /S /R:2 /W:2 /FFT
pause

Linamuuliza herufi, likiambiwa C linagoma, kisha linamwonyesha jina la flashi na vilivyomo, na linasimama. Msaidizi mwambie: hapo kwenye kusimama, kama unaona kitu chochote ambacho si chetu, funga dirisha uniite. Herufi hazikai mahali pamoja. Asubuhi F ilikuwa flashi, mchana ukachomeka hadi diski ya mteja nayo ikawa F. Kompyuta haijui tofauti, inafuata ulichoandika.

Na hii ndiyo sababu kwenye vifaa vya wateja nasema tumia mausi.

Kijana mmoja wa meza za ng'ambo yangu aliokota amri mtandaoni yenye neno /MIR. Neno hilo linafanya upande wa pili uwe sawasawa na upande wa kwanza, yaani kila kitu kilichopo kwenye flashi ambacho hakipo kwenye folda yako kinafutwa. Hakiendi kwenye kapu la taka, kinafutwa moja kwa moja. Mteja alikuwa baba mtu mzima, ameleta memori kadi ya simu yake aongezewe kaswida. Ndani kulikuwa na picha za msiba wa mama yake. Kwa sekunde chache kadi ilikuwa na kaswida peke yake. Yule kijana akataka kuendelea kuhangaika na kadi ileile, ikabidi watu wamzuie, maana ukiendelea kuandika kwenye kadi unafunika vilivyofutwa. Kadi ikatolewa, ikapitishwa kwenye programu ya PhotoRec. Picha nyingi zilirudi ila bila majina yake wala mpangilio, na baadhi zilirudi nusu. Mzee hakupiga kelele. Alikaa pale mpaka jioni akizipitia moja moja kwenye kompyuta.

Kwa hiyo /MIR isikanyage kifaa cha mteja, kamwe. Robocopy bila neno hilo haifuti, lakini hata hiyo ikikuta faili lenye jina lileile upande wa pili inaandika juu yake bila kukuuliza. Mausi inauliza. Kwenye mali ya mtu, yale maswali ya Windows yanayokuudhi ndiyo ulinzi wako.

Mausi nayo ina mtego wake. Ukiburuta kutoka kompyuta kwenda flashi, inakopi. Ukiburuta kutoka folda moja kwenda nyingine ndani ya diski ileile, inahamisha, haikopi. Ndiyo maana folda zako za nyimbo huwa zinapotea kiajabu ukabaki unamshuku msaidizi. Shika kitufe cha Ctrl wakati unaburuta, itakopi popote pale.

Kwa simu za Android huna hata cha kuchagua. Tangu enzi za Android 4 simu nyingi zinaongea na kompyuta kwa njia inayoitwa MTP, na kwa njia hiyo simu haipewi herufi kama F au G. Robocopy haiioni. Hapo ni mausi, au uchomoe memori kadi uiweke kwenye kisoma kadi, au utumie Xender simu kwa simu. Simu ikiwa inachaji tu na haionekani kwenye kompyuta, mwambie mteja aifungue kioo, ashushe taarifa za juu, achague kuhamisha faili. Ikigoma bado, badilisha kebo, kuna kebo nyingi sana za kuchajia zisizopitisha faili. Utakuta pia mafundi wanatumia amri ya adb kusukuma nyimbo kwenye simu. Inafanya kazi, ila inabidi ufungue mipangilio ya watengenezaji kwenye simu ya mteja na ukiisahau wazi umemwachia mlango. Kwa nyimbo za buku mbili haina maana.

Hapo kwenye kuchomoa kadi kuna hatari moja wengi hawaijui. Kuanzia Android 6 mtu anaweza kuifanya memori kadi iwe sehemu ya simu yenyewe, na simu inaifunga kwa siri. Ukiichomoa ukaichomeka kwenye kompyuta, Windows inakwambia kadi hii inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika. Usikubali. Kadi si mbovu, ni kompyuta tu haiwezi kuisoma. Irudishe kwenye simu yake, nyimbo ziingize kwa kebo. Ukibonyeza kukubali umefuta kila kitu, na hapo hata PhotoRec haitakusaidia.

iPhone ni dunia yake. Inataka programu za Apple wenyewe, na nyimbo zikiwa zimepangwa kutoka kompyuta nyingine, inaweza kutaka kuzifuta zote ndiyo iweke zako. Mimi sibishani nayo. Mteja akipakua VLC, ndani yake kuna sehemu ya kupokea faili kwa Wi-Fi. Simu na kompyuta zikiwa kwenye mtandao mmoja inakupa anwani, unaifungua kwenye kompyuta, unaburuta nyimbo ndani ya ukurasa. Zinakaa ndani ya VLC, hazigusi kitu kingine. Vitochi ndio rahisi kuliko vyote, vingi ukichomeka vinakuwa kama flashi, ila soma kwenye boksi kadi ya mwisho inayokubalika ni GB ngapi.

Tukiwa kwenye ukubwa: mteja anakuja na flashi ya GB 64 aliyonunua kwingine, kwenye kompyuta inafungua, kwenye redio ya gari haisomi kabisa. Mara nyingi si mbovu. Flashi nyingi za kuanzia GB 64 zinatoka kiwandani zikiwa na mfumo wa exFAT, na redio nyingi za bei ya kawaida zinajua FAT32 tu. Kitu cha kushangaza, Windows nyingi zinagoma kufomati FAT32 zaidi ya GB 32, ingawa FAT32 yenyewe inaweza. Tafuta kaprogramu kadogo kanaitwa guiformat, hakana kusakinisha, kanafungua dirisha moja, unachagua herufi, kanamaliza kwa sekunde. Hapa mausi imeshinda kabisa. Kumbuka tu FAT32 haipokei faili moja la GB 4 au zaidi, kwa hiyo video ndefu ya sherehe haitaingia.

Na kabla hujamlaumu mtu yeyote kuhusu nyimbo zinazokwama, pima flashi yenyewe. Wote tunajua mzigo unaoingia hapa Kariakoo. Kuna flashi inajitambulisha GB 64 na ndani ina GB 8. Inapokea faili zote, majina yanaonekana, ukubwa unaonekana, lakini zikivuka uwezo wake wa kweli zinaandikwa hewani au juu ya zile za mwanzo. Robocopy haitakuambia, itasema imekopi, sifuri kwenye FAILED. Kwa Windows tumia H2testw, ni ya mausi, inaijaza flashi yote kisha inasoma tena kuona kama kilichoingia ndicho kilichobaki. Mwenye Linux atumie f3write kisha f3read, hizo ni amri. Zinachukua muda: GB 32 kwa megabaiti 5 kwa sekunde ni kama saa moja na dakika 47 kuandika tu, bado kusoma. Huwezi kupima boksi zima. Pima mbili tatu kutoka kila boksi jipya kabla hujalipa mzigo uliobaki, na pima flashi tupu tu, usiipime ya mteja yenye vitu.

Kuna wakati mmoja ambapo natumia amri kwenye flashi ya mteja. Anakuja amekata tamaa, nyimbo zote zimegeuka vialama vya njia ya mkato, havifunguki. Ni kirusi, kimezificha faili na kuweka vialama vyake. Zenyewe zipo. Pitisha antivairasi kwanza, usibonyeze alama yoyote, kisha kama flashi ni F andika:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Hii inazitoa faili mafichoni, haifuti na haiandiki juu ya kitu.

Kuhusu nyimbo zenyewe, kwa ufupi. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na inasimamiwa na COSOTA. Kukopi kazi ya msanii na kuiuza bila ruhusa yake ni kosa, haijalishi umetumia mausi au amri. Kazi zenye heshima zipo: kwaya, madrasa za kaswida, wasanii wachanga wanaotaka flashi zao za kuuza, na watu wanaokuja na nyimbo zao walizonunua. Kwaya ikikuletea kazi, andikianeni hata karatasi moja yenye idadi ya flashi na sahihi, maana wakija kukuta flashi ya 201 sokoni wa kwanza kuulizwa ni wewe uliyekaa na faili zao.

Mwisho ni bekapu. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko la Kariakoo liliungua, na vitu vya watu viliteketea mle ndani. Kompyuta inanunulika tena. Folda ya MZIGO yenye kazi za kwaya zote ulizowahi kufanya, zenye namba na mpangilio, huipati tena. Hapa sasa ndipo /MIR ina kazi yake halali, kwa sababu pande zote mbili ni zako. Nina hadi diski ya nje, nimeipa jina AKIBA ili nisiichanganye, inakaa nyumbani, sio dukani. Jumamosi naingia nayo kwenye begi, baada ya kufunga mahesabu naichomeka peke yake, flashi zote zimechomolewa. Naandika vol na herufi yake kuhakikisha jina linasoma AKIBA, kisha:

robocopy C:\MZIGO G:\MZIGO /MIR /R:2 /W:2 /FFT

Mara ya kwanza inachukua muda, wiki zinazofuata ni dakika chache kwa sababu inabeba vilivyobadilika tu. Ikimaliza naangalia FAILED, nachomoa, narudi nayo nyumbani jioni hiyohiyo.